Msamiati wa Kiingereza wa ngazi ya B2

Msamiati wa Kiingereza wa ngazi ya B2 ni jumla ya maneno, nahau na mafungu ya maneno ambayo mwanafunzi wa Kiingereza anatarajiwa kuyaelewa na kuyatumia akifikia kiwango cha kati cha juu. Ngazi hiyo ni ya nne kati ya sita katika Mfumo wa Pamoja wa Ulaya wa Marejeo ya Lugha, unaojulikana kwa kifupi kama CEFR. Mwenye ngazi ya B2 anaweza kufuata hoja ya makala ndefu, kuzungumza na mwenye lugha bila pande zote mbili kutaabika, na kuandika insha inayotetea maoni yake.

Ngazi hii hupimwa na mitihani mbalimbali. Unaojulikana sana ni B2 First wa Chuo Kikuu cha Cambridge nchini Uingereza, uliojengwa kwa ajili ya ngazi hii peke yake. Mtihani wa IELTS hupima ngazi nyingi kwa pamoja. Humo alama kuanzia 5.5 hadi 6.5 huhesabiwa kuwa sawa na B2. Kwa watu wengi matokeo hayo ndiyo mlango wa chuo au kazi: kwa mfano, anayeomba viza ya Uingereza ili asome shahada hutakiwa kuonyesha Kiingereza cha ngazi ya B2.

Asili ya ngazi ya B2

Mfumo wa CEFR ulitolewa mwaka 2001 na Baraza la Ulaya, lenye makao yake Strasbourg nchini Ufaransa. Una ngazi A1 na A2 kwa wanaoanza, B1 na B2 kwa wanaojitegemea, na C1 na C2 kwa mabingwa. Mfumo haukubuniwa kwa siku moja. Mwaka 1975 Baraza hilo lilitoa kitabu cha Jan van Ek kilichoeleza Kiingereza cha chini kabisa kinachomwezesha mgeni kuishi na kushughulika na wenyeji. Kiwango hicho leo kinalingana na B1. Ngazi iliyo juu yake ilielezwa baadaye na van Ek pamoja na John Trim, nayo ndiyo B2.

CEFR haitoi orodha ya maneno. Inaeleza mambo ambayo mtu anaweza kuyafanya kwa lugha yoyote, iwe Kiingereza, Kifaransa au Kijerumani. Kwa hiyo swali la maneno gani ya Kiingereza ni ya B2 limejibiwa na wengine. Watafiti wa Cambridge wameandaa hifadhi ya maneno inayoonyesha ngazi ya kila neno, na zaidi ya hapo ngazi ya kila maana ya neno. Maana ya kwanza ya “run”, yaani kukimbia, hujulikana tangu mwanzo. Lakini “run a business”, yaani kuendesha biashara, hujulikana baadaye. Hivyo sehemu kubwa ya kazi ya mwanafunzi wa B2 ni kujifunza maana mpya za maneno ambayo tayari anadhani anayajua.

Ukubwa wa msamiati

Wataalamu huhesabu maneno kwa njia tofauti, na hesabu zao hazilingani mpaka ijulikane wanahesabu nini. Wengine huhesabu familia za maneno: “employ”, “employer”, “employment” na “unemployed” ni familia moja. Wengine huhesabu kila neno la kamusi peke yake.

Paul Meara na James Milton walitumia jaribio linalopima ni mangapi kati ya maneno 5,000 yanayotumika zaidi katika Kiingereza ambayo mwanafunzi anayatambua. Katika jaribio hilo wanafunzi wa B2 kwa kawaida hutambua kati ya 3,250 na 3,750. Kwa upande mwingine, Paul Nation alionyesha mwaka 2006 kwamba ili msomaji ajue asilimia 98 ya maneno yaliyo katika riwaya au gazeti bila kusaidiwa, anahitaji familia za maneno 8,000 hadi 9,000. Tofauti ya hesabu hizo mbili inaeleza jambo wanalolishuhudia wanafunzi wengi: mwenye B2 anasoma gazeti na kulielewa, lakini bado katika kila ukurasa anakutana na maneno mageni. Hilo si dalili ya kushindwa. Ni hali ya kawaida ya ngazi hiyo, na mtihani wenyewe hupima pia kama mtahiniwa anaweza kukisia maana kutokana na muktadha.

Ni lazima pia kutofautisha msamiati wa kupokea na msamiati wa kutumia. Wa kupokea ni maneno ambayo mtu anayaelewa akiyasoma au kuyasikia. Wa kutumia ni yale yanayomjia mwenyewe anapoandika au kusema. Wa kwanza daima ni mkubwa kuliko wa pili. Mwanafunzi anayesoma sana bila kuandika hufaulu kusoma lakini hukwama kwenye insha.

Cambridge inakadiria kwamba kufika B2 tangu mwanzo kabisa kunahitaji takriban saa 500 hadi 600 za kusoma kwa kuongozwa na mwalimu.

Mtihani wa B2 First

Mtihani huu ulianza mwaka 1939 kwa jina la Cheti cha Chini cha Kiingereza, ili kuwa hatua kabla ya mtihani mgumu zaidi wa Cambridge uliokuwepo tangu mwaka 1913. Mwaka 1975 ulibadilishwa jina na kuwa Cheti cha Kwanza cha Kiingereza, na kwa muda mrefu ulijulikana kwa herufi FCE. Muundo wa sasa umetumika tangu mwaka 2015.

Una karatasi nne:
• Kusoma na Matumizi ya Kiingereza: saa 1 na dakika 15, sehemu 7, maswali 52.
• Kuandika: saa 1 na dakika 20, kazi 2, kila moja ya maneno 140 hadi 190.
• Kusikiliza: dakika 40 hivi, sehemu 4, maswali 30.
• Kuzungumza: dakika 14 kwa watahiniwa wawili, sehemu 4.

Matokeo hutolewa kwa stadi tano, kwa sababu Kusoma na Matumizi ya Kiingereza hutenganishwa katika kuhesabu. Kila stadi ina asilimia 20. Alama za jumla kuanzia 160 hadi 179 ni B2. Kuanzia 180 hadi 190 mtahiniwa hupewa cheti cha C1. Na kuanzia 140 hadi 159 hupewa cheti cha B1. Jibu lisilo sahihi halipunguzi alama, kwa hiyo hakuna sababu ya kuacha nafasi tupu. Kamusi haziruhusiwi.

Jinsi msamiati unavyopimwa

Msamiati hupimwa katika karatasi zote, lakini hasa katika sehemu nne za kwanza za karatasi ya kwanza.

Sehemu ya 1 ina nafasi 8 katika habari fupi, na kila nafasi ina maneno manne ya kuchagua. Mara nyingi maneno yote manne yana maana inayokaribiana, na linalofaa ni moja tu. Kwa mfano: “The road was closed because of … rain”, pamoja na “strong”, “hard”, “heavy” na “thick”. Jibu ni “heavy”, kwa sababu Kiingereza huita mvua kubwa mvua nzito. Anayejua maana ya maneno yote manne bila kujua yanaandamana na nini hubaki akibahatisha.

Sehemu ya 2 ina nafasi 8 bila maneno ya kuchagua. Yanayotakiwa kwa kawaida ni maneno madogo ya sarufi, kama vihusishi, viunganishi na virejeshi. Katika “She is looking forward … meeting her sister”, jibu ni “to”.

Sehemu ya 3 humpa mtahiniwa mzizi ili aujenge upya. Akipewa “construct” katika sentensi “The … of the bridge took three years”, ataandika “construction”. Wakati mwingine neno huhitaji kiambishi cha kukanusha, kama “unable” au “dishonest”, na ni maana ya sentensi nzima tu inayoonyesha hivyo. Tahajia ikikosewa, alama imepotea.

Sehemu ya 4 ina sentensi 6 za kuandikwa upya kwa kutumia neno lililotolewa, bila kulibadilisha. Jibu huwa na maneno mawili hadi matano. Sentensi “The last time I saw Juma was in 2019” pamoja na neno “since” itakuwa “I have not seen Juma since 2019”. Kila swali lina alama 2, kwa hiyo anayepatia nusu hupata alama 1. Neno lililofupishwa kama “haven't” huhesabiwa kuwa maneno mawili.

Katika karatasi ya Kuandika, kazi ya kwanza ni insha ya lazima. Kazi ya pili huchaguliwa kati ya aina kama makala, barua au baruapepe, ripoti na uhakiki. Mtahini huangalia mambo manne: yaliyomo, ufaafu wa mawasiliano, mpangilio, na lugha. Tahajia ya Uingereza na ya Marekani zote zinakubaliwa, mradi mtahiniwa asizichanganye.

Aina za msamiati wa B2

Maneno yanayoandamana

Kila lugha ina maneno yanayopenda kukaa pamoja. Mwanaisimu Mwingereza J. R. Firth, katika miaka ya 1950, alisisitiza kwamba maana ya neno hutambulika kwa maneno yanayoandamana nalo. Msemaji wa Kiswahili anaweza kulielewa jambo hili kwa urahisi akiangalia kitenzi “piga” katika lugha yake. Hupigwa simu, picha, pasi, mswaki, kura, magoti na kelele, wala hakuna anayefikiria kipigo. Kiingereza hakitumii kitenzi kimoja hapo: simu ni “make a call”, picha ni “take a photo”, kura ni “cast a vote”, na mswaki ni “brush your teeth”.

Kiingereza nacho kina vitenzi vyake vya aina hiyo, hasa “make”, “do”, “take”, “have” na “get”. Uamuzi ni “make a decision”, kazi ya nyumbani ni “do homework”, kushiriki ni “take part”. Hakuna kanuni inayoeleza kwa nini. Hujifunzwa pamoja, kama neno moja refu.

Vitenzi vya maneno mawili au matatu

Vitenzi hivi huundwa na kitenzi kifupi pamoja na kihusishi au kielezi, na maana yake mara nyingi haitokani na sehemu zake. “Look for” ni kutafuta, “look after” ni kutunza, “look into” ni kuchunguza, “look down on” ni kudharau, “look up to” ni kumheshimu mtu kama mfano. Vingine vinavyotokea mara kwa mara ni “put off” yenye maana ya kuahirisha, “run out of” yenye maana ya kuishiwa na, “put up with” yenye maana ya kuvumilia, na “turn down”, ambayo ni kukataa ombi au kupunguza sauti ya redio.

Kiswahili hubadilisha maana ya kitenzi kwa viambishi vya mwisho: pita, pitia, pitisha, pitana. Kiingereza hufanya kazi inayofanana na hiyo kwa neno dogo linalofuata kitenzi. Kwa sababu hiyo neno dogo hilo si la kupuuzwa; mara nyingi ndilo linalobeba maana.

Familia za maneno

Hapa msemaji wa Kiswahili ana faida, kwani lugha yake yenyewe imejengwa kwa viambishi. Kutoka “ajiri” hupatikana mwajiri, mwajiriwa na ajira. Kutoka “employ” hupatikana “employer”, “employee” na “employment”. Tofauti ni kwamba viambishi vya Kiingereza havitabiriki. Nomino ya “arrive” ni “arrival”, ya “develop” ni “development”, ya “decide” ni “decision”, ya “fail” ni “failure”. Ukanushaji nao una sura nyingi: “unhappy”, “impossible”, “illegal”, “irregular”, “dishonest”. Kwa hiyo kila neno jipya huandikwa pamoja na ndugu zake.

Viunganishi na lugha ya hoja

Insha ya B2 huhitaji maneno ya kupanga hoja: “however”, “although”, “despite”, “as a result”, “on the other hand”. Kosa la kawaida ni kuyachanganya kisarufi. Baada ya “although” huja sentensi yenye kitenzi. Baada ya “despite” huja nomino. Huandikwa “although it was raining” lakini “despite the rain”.

Kiwango cha urasmi

Kiingereza mara nyingi kina maneno mawili kwa jambo moja, moja la mazungumzo na jingine la maandishi rasmi: “ask for” na “request”, “get” na “obtain”, “kids” na “children”. Ripoti iliyoandikwa kwa lugha ya kijiweni hupoteza alama hata kama sarufi yake haina kosa. Kinyume chake pia ni kweli: barua kwa rafiki iliyojaa maneno mazito haifai.

Matatizo ya wasemaji wa Kiswahili

Makosa mengi hayatokani na uvivu bali na mantiki ya lugha ya kwanza. Neno moja la Kiswahili hugawanyika na kuwa mengi katika Kiingereza. Mfano mzuri ni kivumishi “-kali”:
• kisu kikali: “a sharp knife”
• pilipili kali: “hot pepper”
• mwalimu mkali: “a strict teacher”
• mbwa mkali: “a fierce dog”
• upepo mkali: “a strong wind”
• maumivu makali: “severe pain”

Mwanafunzi aliyekariri kwamba “-kali” ni “sharp” atakosea mara tano kati ya sita. Hali ni hiyohiyo kwa “-refu”, ambayo ni “tall” kwa mtu, “long” kwa kamba na “deep” kwa kisima; na kwa “mkono”, ambao ni “hand” au “arm”. Kitenzi “sikia” hutumika kwa sauti, harufu, njaa na maumivu, wakati “hear” ni kwa sauti tu. Kitenzi “azima” kinaweza kuwa kutoa au kupokea, lakini anayetoa hufanya “lend” na anayepokea hufanya “borrow”. “Soma” ni “read” na pia “study”.

Maneno ya mkopo nayo yanaweza kupotosha. “Hoteli” katika Afrika ya Mashariki mara nyingi ni mahali pa kula tu; “hotel” ni mahali pa kulala, na mahali pa kula ni “restaurant”. Kwa wasemaji wa Kiswahili wa Kongo na Burundi, waliosoma kwa Kifaransa, kuna mtego mwingine. “Actually” maana yake ni “kwa kweli”, wala si “kwa sasa” kama “actuellement” ya Kifaransa. Na “library” ni maktaba, wakati “librairie” ni duka la vitabu.

Tahajia na mkazo ni tatizo la tatu. Kiswahili huandikwa kinavyotamkwa, na mkazo huwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kiingereza hakifuati utaratibu huo. Katika “photograph”, “photographer” na “photographic” mkazo huhama kila mara, na asiyejua mkazo hulipoteza neno analolijua anapolisikia likitamkwa.

Mbinu za kujifunza

Kurudia kwa vipindi

Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha utafiti alioufanya juu ya kumbukumbu yake mwenyewe. Alionyesha kwamba mambo yaliyokaririwa husahaulika haraka sana mwanzoni, kisha polepole, na kwamba kurudia kwa siku tofauti kunashinda kurudia mara nyingi kwa wakati mmoja. Mwaka 1972 mwandishi Sebastian Leitner alieleza njia rahisi ya kulitumia jambo hilo kwa kadi na boksi lenye vyumba. Kadi mpya huwekwa chumba cha kwanza, kinachopitiwa kila siku. Neno likikumbukwa, kadi husogea chumba kinachofuata, kinachopitiwa kwa nadra zaidi. Likisahaulika, hurudi chumba cha kwanza. Programu za simu kama Anki, iliyotolewa mwaka 2006, hufanya kazi hiyo kwa hesabu ya kompyuta. Asiye na simu anaweza kukata karatasi ngumu na kutumia boksi la viatu.

Ratiba ya kawaida ni kulirudia neno baada ya siku 1, siku 3, wiki 1, wiki 2 na mwezi 1. Anayejifunza maneno 10 kwa siku, siku 5 kwa wiki, atakuwa ameyapitia maneno 2,000 katika wiki 40. Hesabu hiyo huonyesha kwa nini msamiati wa B2 hauwezi kukusanywa katika wiki tatu za mwisho.

Kujiuliza badala ya kusoma tena

Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walionyesha kwamba wanafunzi waliojipima juu ya habari waliyoisoma waliikumbuka vizuri zaidi baada ya wiki moja kuliko wale walioisoma tena na tena. Kwa msamiati, maana yake ni kufunika upande mmoja wa daftari na kujaribu kukumbuka kabla ya kufunua. Kupitisha macho kwenye orodha humfanya mtu ajisikie kwamba anajua, na hisia hiyo hudanganya.

Daftari la msamiati

Neno lililoandikwa peke yake na tafsiri yake halitoshi. Ingizo zuri la daftari lina neno, aina yake, mkazo, maneno yanayoandamana nalo, ndugu zake, na sentensi moja inayohusu maisha ya mwanafunzi mwenyewe. Kwa “advice”, kwa mfano, huandikwa kwamba ni nomino isiyo na wingi, kwamba ushauri mmoja ni “a piece of advice”, kwamba watu hufanya “give”, “take” au “follow advice”, na kwamba kitenzi chake ni “advise”, kwa s.

Kusoma na kusikiliza kwa wingi

Kadi huhifadhi neno. Kusoma hulipa uhai. Neno hukutwa katika mazingira mbalimbali na maandamano yake hujulikana bila kukaririwa. Magazeti ya Kiingereza ya Afrika ya Mashariki kama The Citizen, Daily News, Daily Nation na The EastAfrican yanafaa, kwa kuwa habari zenyewe tayari zinajulikana kwa msomaji na hivyo maana za maneno mageni hukisiwa kwa urahisi. Redio na vipindi vya kusikiliza husaidia upande wa mkazo.

Kutumia

Kila wiki mwanafunzi huchagua maneno machache aliyojifunza na kuandika aya moja yenye maneno hayo, kisha humwonyesha mwalimu au mwenzake. Kosa lililosahihishwa katika aya ya mtu mwenyewe hukumbukwa kuliko mfano wa kitabu. Mitihani ya miaka iliyopita ifanywe kwa kupima muda, na baada ya hapo kila jibu lililokosewa liingie kwenye daftari pamoja na sababu yake.

Kamusi na orodha

Kamusi ya lugha mbili hufaa kwa kuanzia. Kamusi ya Kiingereza-Kiswahili ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyotoka mwaka 1996, ndiyo inayotumika sana. Kwa B2, hata hivyo, mwanafunzi hushauriwa kuzoea kamusi ya wanafunzi iliyoandikwa kwa Kiingereza chepesi, kwa kuwa ndiyo inayoonyesha maandamano ya maneno na mifano. Mwanzilishi mashuhuri wa kamusi za aina hiyo ni A. S. Hornby, ambaye kamusi yake ilichapishwa kwanza nchini Japani mwaka 1942, kisha na Oxford mwaka 1948.

Orodha maarufu ni ile ya Michael West ya mwaka 1953 yenye maneno makuu 2,000 hivi, na ile ya Averil Coxhead ya mwaka 2000 yenye familia 570 za maneno ya kitaaluma, ambayo huwafaa wanaokwenda chuoni. Oxford ina orodha za maneno 3,000 na 5,000, zilizopangwa kwa ngazi za CEFR.

Cambridge hutoa orodha rasmi za maneno kwa mitihani yake ya A2 na B1, lakini haitoi orodha ya namna hiyo kwa B2 First. Kwa hiyo kitabu au kijitabu kinachouzwa kama orodha kamili ya maneno ya mtihani huo ni makadirio ya mwandishi wake. Kinaweza kuwa na manufaa, ila hakuna anayeweza kuahidi kwamba maneno yake ndiyo yatakayotoka.

Afrika ya Mashariki

Mitihani ya Cambridge si migeni katika eneo hili. Wakati wa ukoloni shule za sekondari zilifanya mtihani wa cheti cha shule wa Cambridge. Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki liliundwa mwaka 1967. Tanzania ilijitoa mwaka 1971, na Baraza la Mitihani la Tanzania likaanzishwa kwa sheria ya mwaka 1973. Baraza la Kenya lilianzishwa mwaka 1980.

Matokeo ya mitihani ya taifa hayatolewi kwa ngazi za CEFR, na vyuo au waajiri wengi wa ng'ambo hudai mtihani wa kimataifa juu ya cheti cha sekondari. Madai hayo yamezua mjadala. Mwaka 2021 Kenya na Uingereza zilikubaliana kuhusu wauguzi wa Kenya kwenda kufanya kazi Uingereza. Baadaye mwaka huohuo Waziri wa Afya wa Kenya wa wakati huo, Mutahi Kagwe, alisema kwamba kati ya wauguzi 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza, 10 tu walifaulu. Wengi walishangaa, kwa kuwa wauguzi hao walisomeshwa kwa Kiingereza. Wengine waliuliza kama mtihani unapima uwezo wa kuhudumia wagonjwa au unapima mazoea ya aina fulani ya maswali.

Nchini Tanzania hali ina sura yake. Katika shule za msingi za serikali masomo hufundishwa kwa Kiswahili, na katika sekondari kwa Kiingereza. Mwanafunzi hulazimika kujifunza istilahi za fizikia na jiografia kabla hajapata msamiati wa kawaida wa kueleza maoni yake. Matokeo yake ni kwamba wahitimu wengi wanajua “photosynthesis” lakini wanatafuta neno la kusema kwamba wamekatishwa tamaa. Mtihani wa B2 huuliza zaidi juu ya msamiati huo wa pili, yaani wa maisha, hisia, kazi, safari na hoja.

Ukosoaji

Mitihani ya kimataifa hukosolewa kwanza kwa gharama. Ada yake ni mzigo kwa familia nyingi za Afrika ya Mashariki, na anayeshindwa hulipa tena. Pia muda wa matumizi ya matokeo hutofautiana: cheti cha B2 First hakina mwisho, wakati taasisi nyingi hukubali matokeo ya IELTS kwa miaka miwili tu. Anayejiandikisha hupaswa kwanza kuuliza chuo au mwajiri anakubali mtihani upi.

Ukosoaji wa pili unahusu ufundishaji. Mahali ambapo mtihani ni mlango pekee, kozi hugeuka kuwa ukariri wa orodha na insha zilizoandikwa tayari. Watahini hufunzwa kuzitambua insha za namna hiyo, na mwanafunzi aliyepita kwa njia hiyo hukutana na pengo lake siku ya kwanza darasani au kazini. Watetezi wa mitihani hujibu kwamba maswali yanayodai maandamano ya maneno na ujenzi wa maneno hayawezi kufanywa vizuri kwa kukariri tu, na kwamba njia bora ya kujiandaa nayo ni ileile inayofaa kwa matumizi ya lugha baada ya mtihani: kusoma sana, kuandika mara kwa mara, na kuyarudia maneno kabla hayajasahaulika.